Damu Isiyo ya Uzazi

Umeshaanza kutazama pembeni. Nimeandika neno damu pale juu ukavumilia, kwa sababu damu ya uzazi ina heshima yake, inapikiwa supu na kuimbiwa. Lakini nikikwambia kwamba damu ninayoisema ilikuwa inatoka njia ya haja kubwa, ya mwanamke aliyejifungua juzi, mwalimu, mke wa mdogo wangu, unakunja uso na kutafuta ukurasa mwingine. Nakujua. Nimekujua tangu nilipokuwa naandika barua za kudai choo cha soko letu hapa Mabatini. Barua kumi na moja. Kila ofisi niliyofika walinipokea vizuri mpaka nilipotamka neno choo, hapo kila mtu akakumbuka ana kikao.

Leo hakuna kikao. Kaa.

Mimi ni Dorcas, fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba, na yaliyobaki nimeyasoma kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Watu wa mtaa wanasema nina mdomo wa moto na kichwa kisichosahau. Ni kweli. Naweza kukutajia kiongozi gani aliahidi nini, mwaka gani, akiwa amevaa shati la rangi gani. Kumbukumbu hiyo ninayojivunia iliniangusha vibaya, na nitakuonyesha ilipoangukia.

Mdogo wangu Masalu ni fundi wa injini za mitumbwi kule Kirumba. Mkewe, Renatha, ni Mhaya wa Muleba, anafundisha sayansi shule ya msingi huko Misungwi. Alipokaribia kujifungua mama yetu alimwagiza aje mjini, tukae naye nyumba moja, ili mzazi apate mtu wa kumkanda. Mama yetu anaitwa Odeta. Katika kukanda wazazi hana mpinzani mtaa mzima. Maji ya moto, taulo, mikono kama ya mtu anayekanda unga wa sherehe. Alipopata mjukuu, akapewa jina la kwao Renatha, Kokuberwa, mama alilijaribu mara tatu, likamshinda, akamwita Koku. Tangu hapo mtoto hajawahi kuwa na jina lingine.

Mimi na Renatha ni mawifi, na mawifi tunataniana. Nilikuwa nikimwambia, "Ninyi Wahaya hata chafya mnapiga kwa Kiingereza." Naye anajibu bila kuinua macho kutoka kwa mtoto, "Na ninyi Wasukuma mkipewa kikombe mnauliza ndoo iko wapi." Mama anacheka mpaka anashika ukuta. Nyumba ilikuwa na raha, usije ukafikiri nakusimulia habari ya mkwe mbaya. Mkwe mbaya ningemjua namna ya kumshughulikia.

Shida ilikuwa mapenzi. Mama alimlisha Renatha kama anavyojua mzazi anapaswa kulishwa: ugali wa mtama asubuhi na jioni, supu ya kongoro, nyama, maziwa ya mgando, chai ya moto. Mchicha alikataza, eti majani yanamwendesha mtoto. Chungwa na papai alikataza, eti yanapunguza maziwa. Maji ya kunywa akampimia kikombe, kwa sababu maji mengi yanalegeza tumbo lililotoka kuzaa. Juu ya hayo kulikuwa na vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, vile vinavyokaza choo kikawa kama changarawe za kando ya ziwa. Na nguo za mzazi mama alizifua mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine azishike. Ndiyo desturi yake. Anasema nguo za mzazi ni siri kati ya aliyezaa na aliyemkanda.

Kwa hiyo ni mama aliyeiona ile damu kwenye khanga. Nyekundu, mbichi. Aliianika khanga akiimba. "Itoke tu," aliniambia, "ndiyo tumbo linavyojisafisha."

Renatha alisikia, akaendelea kumnyonyesha Koku.

Siku arobaini zikafika. Mama aliandaa ubwabwa wa kumtoa mzazi ndani, majirani wakaja, Koku akapitishwa mikono kwa mikono. Kesho yake mama alifua khanga, na damu ikawa bado ipo. Hapo hakuimba. Alikaa mbele ya beseni ameishika ile khanga, kisha akasema damu imegoma, tumbo halikukandwa vizuri, kosa ni lake. Alilia. Mama yangu, ambaye sikumwona akilia hata siku tunamzika baba. Akasema yuko mwanamke ng'ambo ya ziwa, Kamanga, ana dawa ya matumbo yaliyogoma. Jumatatu tutapanda kivuko sote.

"Haya mama," alisema Renatha, kichwa chini.

Wakati huo Koku alikuwa ameanza kulia baada ya kunyonya. Ule mstari kwenye kadi yake ya kliniki, uliokuwa unapanda, ulikuwa umelala. Nesi aliuliza kama mama anakula, sote tukaitikia kwa sauti moja kwamba anakula kuliko bwana harusi. Tulikuwa tunasema uongo bila kujua. Renatha alikuwa anamega tonge mbili, nyingine anazitia kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, na mfuko unakwenda kwa kuku wa jirani. Masalu aliugundua huo mfuko. Hakusema kitu kwa mtu, ila alikasirika kimyakimya akidhani mkewe anadharau mapishi ya mama. Wanaume wetu na kununa. Angeuliza swali moja tu.

Lakini hata mimi sikuuliza. Niliyajua Jumamosi, asubuhi, nikiwa nasubiri zamu ya choo cha uani na ndoo mkononi. Renatha alikuwa ndani muda mrefu, bomba la nje limefunguliwa linamwaga maji bure.

"Wifi," nikamwita, "umefungua shule humo? Waambie wanafunzi na wengine tunasubiri."

Kwa kawaida angenirudishia tusi la kunifaa siku nzima.

"Wifi?"

"Njoo ushike mlango," alisema. "Usiangalie. Shika tu."

Nikashika mlango, nimegeuka, natazama kamba ya kuanikia. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayechomoa mwiba. Alipotoka alikuwa na rangi ya majivu, jasho usoni, akakaa kwenye jiwe la kufulia, kisha akainuka haraka, akasimama ameegemea ukuta.

"Damu haitoki huko mnakodhani," alisema.

"Inatoka wapi?"

Alitazama maji ya bomba. Nikaenda nikalifunga.

"Ilianza mimba ya miezi saba," alisema. "Kidogo, kwenye karatasi ya chooni. Nikadhani nimejikwaruza. Nilipokuwa nasukuma Koku nikahisi kitu kimeshuka huko nyuma. Sasa kila nikienda chooni damu inadondoka kama bomba bovu. Haiumi sana, wifi, ndiyo inanitisha. Na kuna kinyama kinatoka. Nikimaliza, nakirudisha kwa kidole."

"Kwa hiyo huli."

"Nisipokula siendi."

"Na mtoto ananyonya nini?"

Hapo akajifunika uso na upande wa khanga. Nikasema moyoni, Dorcas, mdomo wako huo. Nikamshika bega.

"Mimi ni mwalimu wa sayansi," alisema ndani ya khanga. "Darasa la tano nawachorea ubaoni chakula kinavyosafiri. Mdomo, koo, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Nikifika mwisho wanaanza kucheka, nafuta. Miaka sita nafuta pale pale."

"Twende hospitali Jumatatu."

"Jumatatu ni Kamanga. Na mama usimwambie. Nakuomba. Mkwe wangu huyu anifikirie hivyo, kila akinipa sahani anafikiria hivyo? Bora nivuke ninywe hiyo dawa."

Sasa, wewe unayesoma, hapo ungetegemea nipande juu ya ndoo nihutubie. Ndiyo kazi yangu. Nilimwahidi kunyamaza, Jumamosi nikanyamaza, Jumapili nikanyamaza, nikijiambia nitatafuta njia. Nilimnunulia papai, akalila amejificha nyuma ya cherehani yangu kama mwizi. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu nzima.

Jumatatu tukafika gati la kivuko. Mama amebeba mkoba na chupa ya chai, mimi nimembeba Koku, Renatha anatembea nyuma yetu ameshika nguzo moja baada ya nyingine. Watu walikuwa wameanza kupanga mstari, wenye baiskeli, wenye magunia, wenye kuku. Renatha alishika reli, nikaona vidole vyake havina rangi kabisa. Nikajua huyu tukimvusha, akanyweshwa dawa ya kuharisha au ya kubana au ya sijui nini, tunaweza kumrudisha amebebwa.

"Mama," nikasema, "hatuvuki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu…"

Nikafungua mdomo, na neno halikutoka. Sikiliza vizuri hapo, maana ni aibu yangu na sitaki kuiandika mara mbili. Barua kumi na moja. Nimesema choo mbele ya wakubwa wenye tai, nimesema kinyesi kwenye kipaza sauti cha mkutano wa mtaa. Mbele ya mama yangu mzazi, na chupa yake ya chai, ulimi ulikufa. Nikatazama pembeni. Nikatazama maji, nikatazama mawe, nikamrekebisha Koku kofia ambayo ilikuwa imekaa sawa.

Aliyesema ni Renatha.

"Mama, nisamehe. Damu ninayotoa si ya uzazi. Inatoka nyuma. Njia ya haja kubwa."

Niliziba masikio ya Koku, sijui kwa nini.

Mama hakukunja uso. Aliweka mkoba chini, taratibu. Akamsogelea mkwewe karibu kabisa, akauliza kwa sauti ya chini, kama fundi anayemwuliza fundi mwenzake habari ya mashine.

"Na kinatoka kitu?"

"Kinatoka, mama."

"Kinarudi chenyewe au unakirudisha?"

"Nakirudisha."

"Kwa maji ya vuguvugu au hivihivi?"

"Hivihivi."

"Hivihivi kinachubuka. Utumie maji ya vuguvugu."

Mstari ulisogea. Mtu wa nyuma akatuambia twende mbele, mama akamwambia apite. Mimi nilikuwa namtazama mama. Mtu ambaye hajawahi kuwa nacho hawezi kuuliza maswali yale kwa mpangilio ule.

"Mama," nikasema. "Tangu lini?"

"Tangu wewe," alisema. "Ulikuwa na kichwa kikubwa hata kabla ya kusoma magazeti."

Renatha akacheka. Alicheka na machozi yakitoka, akamshika mama mkono, na mama akacheka pia, wakawa wawili wanacheka pale gatini huku mimi nimesimama kama mzigo usio na mwenyewe.

"Nilimweleza mama mkwe wangu wakati ule," mama alisema. "Akaniambia huo ndio muhuri wa kuzaa, kila mwanamke anao, wala hausemwi. Nikanyamaza. Nikadhani ni kweli kila mmoja anao. Hata huyu nilipoona khanga, sikudhani. Yangu haijapata kuwa nyingi hivyo, isipokuwa labda hizi siku za karibuni."

Ndipo kumbukumbu yangu ilipofunguka, kwa kuchelewa, kama ofisi za serikali. Mama kanisani, mwisho wa benchi, amekaa kwa paja moja. Nilikuwa nadhani anajiweka tayari kutoka mapema. Mama msibani, siku zote mkekani, amelala ubavu wakati wenzake wamekaa. Kile kigoda chake chenye kitenge kilichokunjwa mara nne, ambacho nilimshonea mwenyewe mto wa kukifunika, nikamwuliza anataka maua gani, sikumwuliza anautakia nini. Miaka arobaini na moja. Nakumbuka mashati ya viongozi, na mama yangu anakaa upande mmoja mbele ya macho yangu tangu nizaliwe.

Kivuko kikapiga honi, kikaondoka bila sisi.

Hospitali tulipofika, Renatha alisoma jina kwenye mlango, akarudi nyuma hatua mbili. Daktari Kamugisha, jina la Kihaya.

"Hospitali yote hii," alininong'oneza, "hakuna daktari Msukuma? Huyu atakuwa anamjua baba yangu."

"Huko nyuma hakuandikwi ukoo," alisema mama, akamsukuma ndani.

Daktari alikuwa kijana, miwani, mikono misafi. Mama akaingia na Renatha, mimi nikaingia nyuma ya mama, hakuna aliyetualika. Shikamoo zikapita. Renatha akaeleza yote tangu mwezi wa saba wa mimba, na daktari akaandika bila kuinua nyusi. Aliuliza kama uzito umepungua, kama choo kimebadilika kikawa cheusi, kama kwao kuna mtu amewahi kuugua utumbo. Akamweka nyuma ya pazia, nesi yupo, akampima kwa kidole na kwa kile kibomba kifupi chenye taa. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Wingi wa damu nao ukapimwa: nane, pungufu.

"Ni bawasiri ya ndani," daktari alisema. "Wengine huita mgolo. Mimba inabana mishipa ya huko, choo kigumu kinaikwaruza, kusukuma mtoto kunaishusha. Wanawake wengi wanaipata baada ya kuzaa na wengi inatulia. Ila damu inayotoka huko haikisiwi, inatazamwa, maana kuna magonjwa mengine yanaanza hivihivi. Kwako nimeitazama. Sasa niambie unakula nini."

Renatha akamtazama mama. Mama akajibu yeye, kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka yake: mtama, kongoro, nyama, chai.

"Mboga za majani?"

"Nilikataza."

"Maji?"

"Nilimpimia."

Nilijiandaa daktari akimkaripia tu, nimkaripie yeye. Ninamkumbuka nesi mmoja, nilikuwa na miaka tisa, alivyomfokea mama mbele ya watu. Lakini Kamugisha alivua miwani akasema, "Mama, umemlea vizuri. Sasa mwongezee. Mchicha kila siku, matembele, maharage, papai, chungwa. Maji anywe mpaka alalamike. Choo kikija aende, asikisubirishe, asijikamue, asikae humo akisoma ujumbe wa simu. Akitoka akalie maji ya vuguvugu dakika kumi. Vidonge vya damu asiache, damu ni ndogo, ila tutavipanga visimkaze, na dawa ya kulainisha choo nitampa ambayo haimdhuru anayenyonyesha. Wiki sita arudi. Isipotulia, tunaifunga kwa kampira kadogo, inakauka yenyewe."

"Na maziwa?" aliuliza Renatha.

"Ukila yatarudi. Mtoto wako ana njaa kwa sababu wewe una njaa."

Akaandika. Kisha akainua macho. "Mama, kiti hicho hapo, mbona umesimama muda wote?"

"Nimezoea," alisema mama.

Safari hii ulimi wangu uliamka. "Daktari, mwangalie na huyu. Miaka arobaini na moja."

Mama alinitazama jicho la kunirudisha utotoni. Nikategemea atoke. Alimpa Renatha mkoba, akamgusa Koku shavu, akavua kitenge chake, akakikunja pembe kwa pembe kama anavyokunja nguo za kanisani, akaenda nyuma ya pazia mwenyewe.

Mama ana bawasiri, ndiyo, ya siku nyingi. Lakini daktari alisema kwa umri wake, na damu kuongezeka siku hizi za karibuni, hawezi kuishia hapo. Lazima apimwe kwa kamera utumbo mpana wote, hospitali ya rufaa. Alimpa tarehe.

Nyumbani sasa kumebadilika. Masalu alipoambiwa, na ni Renatha aliyemwambia, wawili tu, alitoka akaenda Kirumba. Tukadhani amenuna. Alirudi jioni na kitako cha pipa la plastiki alilolikata kwa msumeno na kulisugua ukingo kwa msasa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. "La kukalia maji," alisema, akakimbia jikoni. Alikuwa na fungu la matembele kwapani. Anayapika vibaya sana. Renatha anakula sahani nzima na kumwambia, "Ngosha, dume la Kisukuma, umejitahidi, hata mchanga umeupika ukaiva." Damu imepungua, wiki hii imekuja mara moja tu, tone. Mstari wa Koku umeanza kupanda. Na mwezi ujao Renatha anarudi kazini, ameniambia safari hii ubaoni hatafuta, wacheke mpaka wachoke, halafu watamwuliza maswali.

Mapipa ni mawili, nisisahau. La pili ni la mama.

Ninayaandika haya juu ya meza ya cherehani, Jumatano. Kamera ni kesho. Mama yuko uani kwenye kigoda chake, amekaa upande, anakunywa ile dawa ya kusafisha utumbo na kusema ina ladha ya maji ya betri. Nimemwuliza kama anaogopa. Amesema, "Naogopa, Dorcas. Ila sasa naogopa na watu." Sijui watakuta nini. Hata nikijua, wewe huna haja ya kujua, kwa sababu mama huyu ni wangu na wewe una wako.

Una wako, anakaa upande. Una dada aliyejifungua mwaka huu anayefungulia bomba kila akiingia chooni. Una mke anayemega tonge mbili. Au ni wewe mwenyewe, na khanga yako. Usiniambie utaangalia Jumapili. Ondoa macho hapa, nenda alipo, sogea karibu kama mama alivyosogea pale gatini, mwulize damu inatoka wapi. Akisema si kitu, mwulize tena. Kisha mshike mkono mwende kwa daktari, leo, mlango ungali wazi. Bado unasoma. Inuka.